Maji mbele ya goli la kaskazini: uchambuzi wa kisa cha uwanja wa mpira mkoani Tabora

Majina ya uwanja, ya klabu na ya wahusika wote yameondolewa. Vipimo vimeachwa kwa sababu ndivyo vinavyofundisha.

Usuli

Viwanja vingi vya mikoani Tanzania Bara vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi. Wakati huo ofisi ya chama na ofisi ya serikali zilikuwa kama nyumba moja, na aliyesimamia ujenzi hakuwa na haja ya kuuliza karatasi zikae wapi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, viwanja hivyo vingi vilibaki mikononi mwa CCM. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, wenye jina la Rais aliyeongoza nchi kuanzia 1985 hadi 1995, ni mmojawapo, na Lake Tanganyika wa Kigoma vilevile.

Thamani yake kwa watu wa magharibi si ya kubahatisha. Rhino Rangers walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na Tabora United walipopanda msimu wa 2023/24, mji wa Tabora ulipata kuona kwa macho timu ambazo kwa kawaida husikika redioni. Msimu huohuo wa 2023/24 Mashujaa wakaipeleka Ligi Kuu Kigoma. Tarehe 25 Julai 2021 Lake Tanganyika ilipokea fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Simba na Yanga, Simba wakashinda 1–0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mji ulio mwisho wa Reli ya Kati uliandaa mechi kubwa kuliko zote nchini.

Angalia lakini mwezi wa fainali ile: Julai. Kanda ya magharibi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi. Kazi ya mtunza uwanja mwezi Julai ni kumwagilia. Kazi ya kutoa maji huja Novemba, ligi ikiwa imeshakolea. Uwanja unaweza kupendeza Julai na kuwa bwawa Desemba, na kisa hiki kimesimama juu ya tofauti hiyo.

Uwanja wenyewe uko katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Tabora. Una ukuta wa matofali, jukwaa moja lenye paa upande wa magharibi, na eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Mmiliki ni chama. Mtumiaji mkuu ni klabu inayocheza daraja la chini ya Ligi Kuu. Halmashauri husaidia greda na boza la maji inapoombwa. Mikono mitatu, na hakuna hata mmoja uliokuwa na mchoro wa uwanja. Gwaride la sherehe za taifa hufanyika humo, mapokezi ya Mwenge, mikutano ya hadhara, ibada za pamoja na hata kuaga marehemu mashuhuri wa wilaya. Ndiyo maana wazo la kuhamia kiwanja kipya nje ya mji, lililotolewa mapema katika kisa hiki, halikudumu kikao kimoja.

Yaliyotokea

*Ukaguzi.* Wakaguzi walifika Julai. Walikuta vibonde mbele ya magoli yote mawili, nyasi zimekatika ndani ya kumi na nane (eneo la penalti) ya kaskazini, ardhi ngumu kiasi cha nondo kugoma kuingia, na vyumba vya kubadilishia nguo visivyo na maji. Kuhusu maji ya mvua hawakuandika kitu, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuona. Klabu ikapewa muda hadi mwanzo wa ligi, takriban wiki kumi.

*Kujaza vibonde.* Kamati ya matengenezo ilihitaji udongo wa karibu, wa bei ndogo na usiopeperuka. Ikachagua udongo wa kichuguu. Kwa mtu wa Tabora chaguo hili lina mantiki yake: udongo wa kichuguu hufyatuliwa matofali, husakafiwa nyumba, ukilowa na kushindiliwa unashika vizuri sana. Tipa za mita za ujazo 7 zilileta mzigo, udongo ukamwagwa mbele ya goli la kaskazini katika eneo la mita 20 kwa 12 kwa unene wa sentimita 15 hivi, ukamwagiwa maji na kupitishiwa rola. Ulipokauka ulikuwa tambarare kama sakafu, na kila aliyeuona aliusifu.

*Bomba la maji.* Kwa kuwa vyumba vilihitaji maji, fundi alichimba mtaro wa bomba kutoka kwenye mita iliyo kona ya kaskazini-mashariki hadi jukwaani, ukipita nyuma ya goli. Alichimba sentimita 60 kwenda chini. Katikati ya njia vibarua walikutana na mawe mengi, wakayatoa kwa sururu wakidhani ni kifusi cha wajenzi wa zamani. Mtaro ukafukiwa kwa udongo wa kichuguu uliobaki.

*Kupanda nyasi.* Katikati ya Agosti vipando vya ukoka vilitolewa bondeni na kupandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20, yaani vipando 25 kwa kila mita ya mraba. Kumi na nane ina mita za mraba 665, hivyo vilihitajika zaidi ya vipando 16,000. Mbolea iliyotumika ni NPK ya tumbaku, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye maghala ya mkoa. Boza la lita 10,000 lilikuwa linakuja mara moja kwa siku, siku nyingine halikuja kabisa.

*Mvua.* Ligi ilianza na uwanja ukapita. Mwishoni mwa Novemba mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia mechi. Asubuhi maji yalikuwa yametuama kuanzia mstari wa goli la kaskazini hadi karibu na nukta ya penalti. Vijana walichota kwa ndoo na kusukuma kwa mifagio kwa saa mbili. Mwamuzi aliangusha mpira kutoka usawa wa kifua mbele ya goli, ukatua na kukaa palepale bila kudunda. Akausukuma kwa mguu, ukasimama baada ya hatua mbili. Kwa sheria za mchezo, uamuzi wa kama uwanja unafaa ni wake. Mechi ikaahirishwa. Wiki mbili baadaye hali ikajirudia, na klabu ikaelekezwa kupeleka mechi zake za nyumbani nje ya mkoa hadi matengenezo yakamilike.

Maamuzi na sababu zake

Dhana ya kwanza ya kamati ilikuwa kwamba uwanja hauna mwinuko wa kutosha. Haikuwa dhana ya kipuuzi. Uwanja wa nyasi hutakiwa kuwa na mgongo katikati na kuteremka kwenda pembeni kwa asilimia 0.5 hadi 1; kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 34, kwa hiyo katikati iwe juu kwa kati ya sentimita 17 na 34. Mafundi walipima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule wanaotumia kupata levo ya msingi wa nyumba, wakakuta tofauti ya sentimita 12 tu.

Mkandarasi mmoja akapendekeza kuinua uwanja wote kwa sentimita 10 za udongo mpya. Hesabu ni rahisi: mita za mraba 7,140 mara mita 0.10 ni mita za ujazo 714, yaani safari 102 za tipa ya ujazo wa 7, kabla ya greda, rola na kupanda nyasi upya uwanja mzima. Fedha hazikuwepo, na kukosekana huko ndiko kulikomwokoa kila mtu, maana udongo huo mpya ungelala juu ya tatizo lilelile na kulificha.

Uamuzi uliobadilisha mwelekeo ulitoka kwa mjumbe aliyeuliza swali la historia: enzi za mwanzo, timu za mkoa zilipocheza hapa masika, maji yalikwenda wapi? Maana mechi zilichezwa, na wazee wa mji wanazikumbuka. Kamati ikaamua kutumia wiki moja kutafuta jibu kabla ya kutumia shilingi yoyote.

Ofisi ya chama ilikuwa na barua za kukodisha uwanja kwa matamasha. Halmashauri ilikuwa na faili la ukuta. Hakuna aliyekuwa na mchoro. Kilichosaidia ni picha moja ya zamani ya timu iliyopangwa mbele ya goli la kaskazini: nyuma ya wachezaji, chini ya ukuta, linaonekana tundu la mraba lenye ukubwa wa tofali mbili. Tundu hilo leo halionekani. Mbele yake kimejengwa kidirisha cha kuuzia tiketi.

Baada ya hapo alitafutwa mtunza uwanja mstaafu, akaletwa na mjukuu wake. Mwenyekiti alimuuliza, "Shikamoo mzee. Hapa chini pana kitu gani?" Mzee hakujibu mara moja. Alitembea kutoka nukta ya penalti kuelekea ukutani akiburuza kisigino, akachora mstari mrefu kwenye matope, halafu akasema, "Marahaba. Hapa pana mtaro wa mawe, mwanangu. Tuliupanga kwa mikono. Unatokea pale kwenye kibanda chenu."

Mashimo matatu ya majaribio yalichimbwa juu ya mstari wake. Mawili yalikuta mawe yaliyopangwa, kuanzia sentimita 55 chini, yamejaa tope laini. La tatu, nyuma ya goli, lilikuta bomba jipya la plastiki na udongo wa kichuguu ulioziba pande zote. Mtaro wa zamani ulikuwa umekatwa kama koo.

Matengenezo

Kabla ya kuchimba, kamati ilipima upenyo wa maji kwa njia ambayo uwanja wowote unaweza kuitumia. Chukua kopo la chuma lililokatwa pande zote mbili, ligongee ardhini sentimita 5, lijaze maji, subiri yanywewe, lijaze tena, ndipo upime kwa rula yanashuka milimita ngapi kwa saa. Ujazo wa kwanza hudanganya kwa sababu ardhi kavu ina kiu. Katikati ya uwanja maji yalishuka milimita 40 kwa saa. Juu ya udongo wa kichuguu yalishuka milimita 3.

Jaribio la pili lilikuwa la chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini ndani ya saa chache, udongo wa mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Chupa ya kichuguu ilibaki na maji ya rangi ya chai hadi kesho yake.

Kazi ilifanyika katika mapumziko ya ligi, kwa mpangilio huu. Udongo wa kichuguu uliondolewa wote katika mita za mraba 240, mita za ujazo 36, tipa tano na kidogo. Chini yake ardhi ilitifuliwa kwa uma sentimita 10, ili udongo mpya usikae juu ya ardhi ngumu kama mkeka juu ya sakafu. Pasipotifuliwa, maji husimama kwenye mpaka wa tabaka mbili na mizizi nayo huishia hapo.

Mtaro mpya ulichimbwa kufuata ule wa zamani, urefu wa mita 45, upana sentimita 30. Mteremko ulikuwa sentimita 1 kwa kila mita moja na nusu, hivyo kina kilianza sentimita 50 upande wa ndani na kuishia sentimita 80 ukutani. Chini iliwekwa kokoto sentimita 5, juu yake bomba la milimita 110 lenye matundu, matundu yakielekea chini, kisha kokoto za milimita 10 hadi 20 hadi zikabaki sentimita 20 kufika juu. Kokoto zote zilikuwa karibu tipa moja. Juu ya kokoto kikalazwa kitambaa cha kuchujia, na sentimita 20 za mwisho zikajazwa mchanganyiko wa udongo wa nyasi. Vibarua walitaka kuweka nailoni ya kawaida badala ya kitambaa. Walikatazwa, na ilikuwa sahihi: nailoni haipitishi maji, nayo ingegeuza mtaro wote kuwa kaburi la kokoto.

Bomba la maji safi lilishushwa lipite chini ya mtaro, ndani ya bomba kubwa la kulikinga, na sehemu hiyo ikajazwa kokoto. Kidirisha cha tiketi kilihamishwa mita nne. Tundu la ukuta likafunguliwa na kuwekewa wavu wa nondo, kwa sababu tundu wazi hupitisha watu wasio na tiketi, na mlinzi angeliziba tena kwa mawe kabla ya mechi ya pili.

Udongo wa juu ulichanganywa nje ya uwanja, toroli saba za mchanga wa mto kwa toroli tatu za udongo wa bustani, ndipo ukaingizwa. Kumwaga mchanga kidogo juu ya udongo wa mfinyanzi na kuuchanganya hapohapo ni kosa linalorudiwa sana viwanjani; matokeo yake hukaribia tofali.

Vipando vipya viliwekewa mbolea ya CAN, yenye naitrojeni nyingi, gramu 15 kwa mita ya mraba, kilo 10 tu kwa kumi na nane nzima, ikarudiwa kila baada ya wiki nne. NPK ya tumbaku ina naitrojeni chache ikilinganishwa na madini yake mengine, kwa sababu mkulima wa tumbaku hataki jani linaloota ovyo. Mwenye uwanja anataka jani hilohilo linaloota ovyo.

Matokeo

Masika yaliyobaki yalinyesha mvua kubwa kadhaa. Maji yalionekana juu ya nyasi wakati mvua inanyesha, yakatoweka ndani ya saa moja hivi baada ya kukatika. Tundu la ukutani lilitoa maji machafu siku za kwanza, kisha masafi. Kopo lilipopimwa tena mbele ya goli, maji yalishuka milimita 35 kwa saa. Klabu ilirudi nyumbani kabla ya msimu kuisha, ikiwa imeshacheza mechi kadhaa mbele ya majukwaa ya watu wengine, ikilipa basi, malazi na chakula huku mapato ya milangoni yakiwa madogo.

Mgongo wa sentimita 12 haujaguswa hadi leo. Unahitaji kuongezwa, ila si dharura.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni ile wiki moja ya kuuliza. Gharama yake ilikuwa nauli ya mzee na chai, ikalinganishwa na safari 102 za tipa. Lakini isichukuliwe kwamba kumbukumbu ya mzee ilitosha peke yake. Picha ilionyesha tundu bila kuonyesha mtaro. Mzee alionyesha mtaro. Mashimo matatu yalithibitisha, na la tatu likaonyesha ulipokatika. Lingekosekana lolote kati ya hayo matatu, kamati ingechimba kwa kubahatisha. Wazee wengine wawili walioulizwa walikumbuka mtaro upande wa mashariki, na kwa mashimo mawili ikaonekana haupo.

Kilichoshindwa kwa upande wa udongo kinaeleweka kirahisi. Watu walitumia ujuzi mzuri mahali pasipo pake. Sifa zinazofanya kichuguu kiwe udongo bora wa tofali ndizo zinazokifanya kisifae chini ya nyasi: chembe laini, hushikana, huziba. Jaribio la chupa linalochukua siku moja lingelionyesha hilo Julai.

Kosa la bomba ni zito zaidi, kwa kuwa dalili ilionekana na ikatupwa. Kifusi cha ujenzi huwa na vipande vya matofali, saruji na mawe ya kila saizi, kimetapakaa. Mawe yaliyopangwa kwa mstari, saizi moja, yenye mwanya kati yake, hayajafika hapo yenyewe. Fundi alilipwa kwa mita, hakuwa na sababu ya kusimamisha kazi, na hapakuwa na msimamizi wa kumwambia asimame. Siku hizi kamati imeweka sharti katika mkataba: kikipatikana kitu chini ya ardhi, kazi inasimama, kinapigwa picha pamoja na futi kamba, na siku hiyo analipwa kama kawaida. Sehemu ya malipo ndiyo inayofanya sharti lifanye kazi.

Kuhusu ukaguzi: orodha ya Julai haikuwa na kosa, ila haikuweza kuona lisilokuwepo. Anayetunza uwanja wa kanda hii hana budi kujitengenezea mvua. Maboza mawili ya lita 10,000 yakimwagwa ndani ya nusu saa kwenye kumi na nane moja ni milimita 30 za maji, sawa na mvua nzito ya alasiri. Maji yakikaa zaidi ya saa mbili, tatizo limejulikana wiki nyingi kabla ya mwamuzi kuliona.

Umwagiliaji nao ulipangwa vibaya. Nyasi za kiangazi hapa zinahitaji takriban milimita 5 kwa siku, ambayo kwa uwanja mzima ni lita 35,700, maboza matatu na nusu. Boza moja likatawanywa kila mahali, kila mahali pakalowa juu tu, mizizi ikabaki karibu na uso wa ardhi. Lingemwagwa sehemu moja ya uwanja kwa zamu, nyasi zingeshuka chini kutafuta maji.

Suala la umiliki limebaki nyeti. Chama kina hati, klabu ina uchungu, halmashauri ina mashine, na kila upande uliamini mwenzake anajua kilicho chini ya uwanja. Mchoro mpya umechorwa kwa mkono kwenye karatasi ya gridi, ukionyesha mtaro, bomba, kina kila baada ya mita 5 na umbali kutoka nguzo za goli, ambazo hazihami. Nakala ziko ofisi zote tatu, nyingine imebandikwa chumbani kwa waamuzi. Kipimo kutoka kwenye mti au kibanda kilikataliwa, kwa sababu mti hukatwa na kibanda, kama ilivyoonekana, huhamishwa.

Mikutano na matamasha hayajazuiwa, wala haingewezekana kuyazuia katika uwanja ambao ni wa mji mzima. Sharti ni kwamba gari haliingii ndani ya kumi na nane ya kaskazini, na vigingi vya mahema havipigwi ndani ya mita 2 za mstari wa mtaro, uliowekewa alama ukutani kwa rangi nyeupe.

Upande wa kusini haujachimbwa bado. Mzee anasema huko pia waliweka mawe, ila hakumbuki kama mtaro ulikamilika kabla ya ufunguzi. Mashimo mawili ya majaribio yamepangwa kabla ya Oktoba, moja kila kona ya kumi na nane, na hadi yatakapochimbwa hakuna bomba wala waya utakaopitishwa nyuma ya goli hilo.